Gunia la Dirishani kwa Jilala

Mjukuu wangu Kabula, anayesomea mambo ya metali chuoni, alikuja likizo hapa Bariadi akaniharibia chai. Alitoa mfukoni waya mwembamba wa kijivu, akausokota mpaka ukawa kama mzizi, kisha akautumbukiza kwenye kikombe changu. Waya ukajinyoosha. Uliruka kama panzi, chai ikanimwagikia gotini.

"Guku, umeona? Unakumbuka umbo lake la zamani."

"Nimeona. Na suruali yangu imeona."

Akanieleza. Waya huo, ukiwa baridi, una mpangilio mmoja ndani yake. Ukipata joto, mpangilio unageuka wa pili, na umbo linarudi. Chuoni kwao wanaupachika ndani ya alumini ili kifaa kizima kiweze kupinda na kurudi. Lakini wana tatizo. Vipande vingine vinapinda kama ufito mbichi, vingine vinakatika kama biskuti, na vyote vimetoka kwenye fungu moja.

"Tunabishana darasa zima," alisema. "Hatujui kosa liko wapi."

"Liko kwenye joto," nikamwambia. "Mmoja wenu alivichoma kupita kiasi bila kujua, kisha akavipoza akaona kazi imekwisha."

Alinicheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye kitabu. Ndiyo maana ninaandika haya, kwa ajili yake na wenzake, na kwa ninyi vijana mnaochomelea mageti kando ya barabara bila miwani. Nilikuwa mhunzi wa kinu cha pamba kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Nitawaeleza jinsi joto linavyokifanya chuma kiwe kigumu, kiwe kivumilivu, au kiwe cha kutupa. Itabidi niwaeleze na habari za wivu, kwa sababu kwangu mimi vitu hivi viwili vilifundishwa darasa moja.

Kwanza, kisu chenyewe. Mashine zetu zilikuwa na roli ya ngozi inayovuta nyuzi za pamba, na kisu kinachopanda na kushuka kugonga mbegu zidondoke. Kisu hicho hupiga haraka kuliko moyo wa mtu aliyefukuzwa na nyuki, asubuhi mpaka jioni, msimu mzima. Kwa hiyo kinadaiwa mambo mawili yanayogombana. Ukingo uwe mgumu usifubae ukawa butu, na mwili uwe na subira ya kupokea kipigo bila kupasuka.

Visu vya asili vilitoka ng'ambo. Enzi ya ushirika spea ziliagizwa, zikaagizwa tena, na sisi tukaendelea kungoja. Tukajifunza kutengeneza vyetu. Mgongo tuliutoa kwenye chuma laini cha kawaida, kinachotoboleka na kufungwa bolti. Ukingo ulikuwa chuma cha springi ya lori. Vipande viwili tuliviweka kwenye mkaa mpaka vikawa kama vinatoka jasho, tukavinyunyizia mchanga safi wa mtoni wa kuondoa uchafu, tukavigonga vikawa kimoja. Kuviunganisha si kazi kubwa. Kazi inaanza baada ya hapo, kwa sababu sasa joto moja linahudumia metali mbili zisizofanana, na linalomfaa mmoja linamdhuru mwenzake.

Aliyenifundisha ni Mzee Limbu, fundi mkuu wa karakana. Mwaka wangu wa kwanza nilijitengenezea tindo. Nikaliivisha likawa jekundu, nikalizamisha kwenye ndoo ya maji, likapiga kelele tamu, na tupa haikuweza kulikwaruza. Nikalibeba kumwonyesha kila mtu. Nilipolipiga nyundo mara ya kwanza lilipasuka, kipande kikaenda kujipachika mlangoni.

Mzee Limbu akakichomoa, akakitazama upande uliovunjika.

"Umetengeneza kioo," alisema. "Kakipachike dirishani kwenu."

Lakini siku hiyo alinifundisha kitu ambacho sijakisahau. Alinionyesha jinsi ya kusoma chuma kilichovunjika. Kama punje za ndani ni laini, za kijivu, kama majivu yaliyochungwa, joto lilikuwa sawa. Kama zinametameta, kubwakubwa kama chumvi ya mawe, chuma kilichomwa kupita kiasi kabla ya kutiwa maji. Soma mvunjiko kabla ya kumlaumu mtu. Liandikeni hilo.

Mzee Limbu mwenyewe alikuwa mwoga wa kuvunjika. Alitutengenezea desturi ya kutia visu maji vikiwa na joto la nusu tu. Havikuwa vigumu, lakini havikupasuka. Vilifubaa upesi, tukavitoa, tukavinoa, tukavirudisha. Hakuna aliyelalamika, maana hakuna aliyejua kuna namna nyingine.

Kisha akaja Jilala.

Alitoka Mwandoya, na alikuja na vitu vitatu: aproni ya ngozi ya ng'ombe, nyundo yenye mpini mfupi kuliko kawaida, na gunia la katani. Mzee Limbu alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, na mimi nilikuwa nimekwisha kujiona kwenye kiti chake. Nilimpokea Jilala vizuri. Nilimwonyesha mkaa ulipo, na fuawe ya kugongea chuma, nikamwonyesha hata kivuli kizuri cha kulia chakula. Wivu ulikuwa bado haujafika. Ulifika wiki ya tatu, ukiwa na bakuli mkononi.

Palikuwa na mama mmoja mlishaji wa mashine ya nne, yaani mtia pamba, tukimwita Mayu Nkwimba. Mashine hiyo ilikuwa mikononi mwangu miaka yote, na kila Jumatatu aliniletea matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na karanga. Jumatatu hiyo alipita mbele yangu na bakuli bila kusimama.

"Mwangaluka, mayu," nikamwita.

"Mwangaluka, Maduhu."

"Leo matobolwa hayanijui?"

"Nimempelekea Jilala. Kisu chake kiko kwenye mashine yangu tangu juzi ya juzi, hakijanisimamisha hata mara moja. Kwa chako nilikuwa kama ninamnyoa mzee ndevu kwa kijiko."

Walishaji wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Kisha nikaenda nyuma ya karakana nikapiga teke ndoo ya maji, na hapo nikaumia kidole.

Tangu siku hiyo nilianza kuandika. Nina tabia ya kuandika. Daftari zangu za kazi ninazo mpaka leo, kila kisu kimeingizwa siku kilipofungwa na siku kilipotolewa. Sasa nikafungua daftari jingine, la Jilala peke yake. Niliandika anaingia saa ngapi, anabeba nini, anaimba nini. Nikaandika kwamba ana kopo la mafuta linalonuka samli iliyochacha. Kwamba kabla ya kuivisha chuma anafunga mlango na kuliangika lile gunia dirishani, kibanda kinakuwa giza mchana kweupe. Kwamba anakaa humo muda mrefu kuliko kazi inavyohitaji. Kwamba mara ya kwanza kuna mlio wa chuma kuzama, halafu kimya, halafu hakuna mlio wa pili. Kile kimya ndicho kilichokuwa na siri yote, na mimi nilikiandika kwa neno moja tu: "Kimya." Mimi nikaamini siri iko kwenye kopo.

Basi nikachukua samli nyumbani. Mke wangu alikuwa ameipika kwa ajili ya wageni wa mahari ya mdogo wake. Niliivisha kisu, nikakizamisha humo, moshi ukajaa karakana kama pilau la harusi. Kisu kikawa kigumu kweli. Nikakifunga mashine ya sita. Kilivunjika kabla ya chakula cha mchana.

Jioni mke wangu alinishika mlangoni.

"Samli iko wapi?"

"Nimeitumia kazini."

"Mmepika nini kazini?"

"Kisu."

"Wageni wakija," akasema, "utawakaanga na hicho kisu."

Mzee Limbu alistaafu. Na mwaka uleule mambo ya pamba yakabadilika. Soko huria lilifika kwetu likiwa na mizani nyingi kando ya barabara, wanunuzi wengi, kila mmoja na gari lake na bei yake. Kinu chetu kilikodishwa kwa kampuni. Akaja meneja mpya, kijana wa mjini, mwenye haraka na shati lililopigwa pasi. Alizunguka karakana na kutuuliza mmojammoja tunafanya nini. Alipotufikia mimi na Jilala alisema maneno ambayo sikulala vizuri baada ya kuyasikia.

"Spea siku hizi zinapatikana Mwanza. Fundi wa visu nahitaji mmoja. Kila mtu atengeneze kisu kimoja. Nitavifunga kwenye mashine mbili zinazofuatana siku ya kufungua msimu. Kisu kitakachovunjika au kutolewa kwanza, mwenyewe aende nyumbani."

Nilikuwa na watoto wanne. Jilala alikuwa na watatu na mama yake mgonjwa. Kisu chake kilikuwa bora kuliko changu, nililijua hilo, na daftari langu lililijua zaidi yangu. Kwa hiyo nikafanya jambo ambalo sitalipamba.

Kwenye banda la chai, walishaji wakiwa wamekaa kupumzika, nikauliza swali. Sikusema uongo hata neno moja. Niliuliza tu, huku nikikoroga sukari, kama mtu anayejiuliza mwenyewe:

"Hivi Jilala huwa anaziba dirisha kwa nini?"

Mayu Nkwimba ndiye aliyejibu.

"Kwani wewe hujui?"

"Mimi nafanya kazi mlango wazi."

"Na ndani ya lile kopo kuna nini?"

"Hata mimi ningependa kujua," nikasema.

Inatosha kuuliza hivyo kwetu. Mtu mwenye kopo linalonuka, mtu anayejifungia gizani mchana, mtu ambaye kitu chake hakivunjiki cha wenzake kinavunjika. Watu walijaza wenyewe. Neno bugota, yaani dawa za kishirikina, lilizunguka kinu kizima kabla ya wiki kwisha. Mlishaji mmoja aliyekuwa na bega linalouma akakataa kusimama penye kisu cha Jilala. Mwingine akakumbuka kwamba na yeye mkono ulikufa ganzi. Jilala alipopita, watu walinyamaza. Mtu asiyejua kwetu ataona hili ni jambo la kuchekesha. Aliyezaliwa Simiyu anajua kwamba mtu anaweza kuhama kijiji kwa neno hilo, akiwa na bahati ya kuhama.

Meneja hakuamini mambo ya dawa. Lakini alichukia siri. Asubuhi ya kutengeneza visu vya shindano alikuja mwenyewe karakana, watu wengi nyuma yake, akalivuta lile gunia likaanguka, akaamuru mlango ubaki wazi.

"Hapa hakuna mambo ya kujificha," alisema. "Kila mtu afanye kazi tumwone."

Jilala alikuwa amekwisha kuwasha mkaa. Jua la asubuhi liliingia kwa dirisha lile likapiga moja kwa moja juu ya tanuri.

"Bwana meneja," alisema kwa upole, "kwa mwanga huu mimi sioni chuma."

"Mbona mimi nakiona? Si hicho hapo?"

Watu wakacheka. Nilicheka wa kwanza, ninakumbuka vizuri. Jilala akageuka akanitazama mimi, si meneja.

"Maduhu, wewe ni mhunzi. Mwambie."

Hapa ndipo penye kosa langu. Sikujua yote aliyoyajua Jilala, lakini hilo nililijua. Mhunzi yeyote hata wa wiki mbili analijua. Rangi ya chuma kilichoiva inaonekana penye giza. Penye jua kali chuma chekundu kinaonekana cheusi, cheupe kinaonekana chekundu. Utangoja kiive, na hali kimekwisha kuiva zamani, kinaungua.

Nikasema, "Mimi nafanya kazi mlango wazi."

Jilala akainama akaendelea kuvuta mivuo ya kupulizia moto.

Kisu chake na changu vilifungwa siku ya kufungua msimu, chake mashine ya nne, changu ya tano. Changu kilikuwa cha desturi ya Mzee Limbu, joto la nusu, laini, cha kufubaa lakini si cha kupasuka. Nilisimama nyuma ya roli na moyo wangu ukipiga pamoja na visu. Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili, karibu na saa nne, mashine ya nne ikatoa sauti kama sahani inayoangukia sementi, na Mayu Nkwimba akarudi nyuma akishika kifua.

Ukingo ulikatika karibu nusu. Kipande kiliteleza sakafuni kikaja kusimama karibu na kiatu changu. Nikakiokota. Nikakigeuza upande uliovunjika.

Chumvi ya mawe. Punje kubwa zinametameta.

Nilijua palepale. Mkono wa Jilala haukuwa umekosea. Lile jua la dirishani ndilo lililomdanganya akakiivisha kupita kiasi. Ningeweza kukiinua tu kile kipande mbele ya meneja nikasema maneno matatu. Badala yake nilikitia mfukoni.

Jilala hakubishana. Alikusanya nyundo na aproni. Gunia aliliacha pale lilipoangukia. Alisimama mlangoni akitazama kiganja chake cha kulia, akakifumba, akakifumbua.

"Mkono umenikataa," alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na ng'ombe wake. Akaondoka.

Sasa vijana, msidhani nilifurahi. Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu nilianza kumwonea wivu tena, kwa sababu pamba ya msimu ule ilikuwa nyingi, na visu vyangu laini vilifubaa upesi kuliko nilivyoweza kuvinoa. Meneja alikuja kila siku na saa yake ya mkononi. "Jilala alikuwa anakaa na kisu kimoja siku ngapi?" aliniuliza mara moja. Nilijibu kwamba sijui. Daftari lilikuwa mfukoni.

Nikajaribu visu vigumu. Nikaziba dirisha kwa gunia lake mwenyewe, nikapata rangi sahihi, nikazamisha kwenye mafuta. Vikawa vigumu, punje zake laini kama majivu, na bado vilivunjika. Cha tatu kilichana roli ya ngozi na kupasua kanga ya Mayu Nkwimba kiunoni, upana wa vidole viwili kutoka kwenye mwili.

Alizima mashine. Akaja karakana na kanga yake iliyochanika mkononi.

"Nenda Mwandoya," akasema.

"Kufanya nini?"

"Unajua. Lile swali lako mimi ndiye niliyelibeba kwa watu. Nilikuwa mjinga siku ile, na ujinga umetaka kunikata tumbo. Kesho sisimami mbele ya kisu chako. Nenda Mwandoya."

Nikapanda lori lililokuwa linakwenda kubeba pamba. Njia nzima nilipanga maneno, na hakuna hata moja lililonifaa nilipofika.

Kibanda cha Jilala kilikuwa nyuma ya mnada wa ng'ombe. Nje walikaa watu sita au saba, kila mmoja na ncha ya plau iliyochakaa, wakingoja kama watu wa zahanati. Wengine walitoka mbali, mmoja alisema ametoka Lingeka. Mbele ya mlango wangu mimi hakuwahi kukaa hata mtu mmoja akingoja. Wivu ukanirudia palepale, nikiwa nimekuja kuomba.

"Mwadila," nikamsalimu.

"Mwadila, Maduhu." Hakushangaa. "Kinu kimefungwa?"

"Hapana. Visu vinanivunjikia."

"Mimi visu nimeacha. Natengeneza plau tu, za chuma laini. Vitu vya kutia maji nimeacha. Mkono wangu umeharibika."

Nikaingiza mkono mfukoni. Kile kipande nilikuwa nacho. Nilikiweka juu ya fuawe yake, upande uliovunjika ukiangalia juu, maana mhunzi hahitaji kusomewa.

Alikiinua. Akakisogeza mlangoni penye mwanga, akakigeuza mara tatu nne.

"Kiliungua," akasema taratibu.

"Kiliungua. Ni lile jua. Mkono wako haukukosea."

"Ulikuwa nacho tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Siku ileile?"

"Siku ileile. Na swali la gunia lilikuwa langu."

Wale watu wa plau nje walikuwa wakibishana kuhusu bei ya ndama. Jilala alikaa juu ya gogo. Alikaa kwa muda ambao ungenitosha kuchomoa ncha ya plau, kuigonga na kuipoza. Nilitamani anitukane. Angenipiga ningeshukuru.

Mwisho akainuka. Akatoka nje, akawaambia wale watu wamsubiri. Akarudi na ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa, akanitupia.

"Ziba dirisha," akasema.

Nikaziba. Na humo gizani akanionyesha kile nilichokiandika "Kimya."

"Umewahi kuswaga ng'ombe wengi waingie zizini?" aliniuliza huku akivuta mivuo. "Chuma baridi ni ng'ombe waliotulia zizini, kila mmoja anajua jirani yake. Kikiiva, lango limefunguka, wote wamesimama wanahama, wanajipanga upya. Ukikipoza taratibu, wanarudi walipokuwa, chuma kinabaki laini. Ukikizamisha ghafla, umefunga lango wakiwa katikati. Wamebanana, pembe kwa pembe, hakuna anayeweza kusogea. Hapo chuma ni kigumu. Sasa ukimpiga mmoja fimbo?"

"Zizi linavunjika," nikasema.

"Ndiyo kazi yako hiyo. Wewe unafunga lango unaenda kunywa chai."

Kisha akafanya yale ya kimya. Alikisugua kisu kilichozamishwa kwa jiwe mpaka kikang'aa. Akaweka bapa la chuma zito kwenye mkaa likapata moto wa kati. Akakunja kona moja ya ile ngozi dirishani, mwanga kidogo wa pembeni ukaingia, si jua lenyewe, kwa sababu sasa kulikuwa na rangi nyingine ya kutazama. Akakilaza kisu juu ya bapa kwa mgongo wake, ule upande laini, ukingo ukiwa hewani. Tukangoja. Rangi ikaanza kutembea juu ya chuma kinachong'aa: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, buluu. Ilianzia mgongoni ikapanda kuelekea ukingoni, taratibu kama kivuli cha jioni.

"Hapa unawaachia ng'ombe wachache wasogee wapumue," alisema. "Si wote. Ukiwaachia wote, umerudi kwa Mzee Limbu. Mgongo ukiwa buluu na ukingo umefika kahawia ya kuelekea zambarau, toa."

Alikitoa, akakibana kwenye jiriwa, akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote. Kisu kikapinda. Alipokiachia kikarudi. Tupa ukingoni ikateleza bila kushika.

Nilirudia mbele yake mara tano. Mara ya nne nilichelewa, ukingo ukawa buluu, akanigonga kisogoni kwa kidole kama mwanafunzi. Mara ya tano rangi ilifika pale ilipotakiwa, akafungua mlango akaita mtu wa plau aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni.

Niliporudi nilimweleza meneja yote, pamoja na kile kipande. Nilidhani atanifukuza, badala yake alimtumia Jilala ujumbe arudi. Jilala akajibu kwamba Mwandoya hakuna meneja wa kumshushia gunia. Basi nikabaki na kiti. Mayu Nkwimba alirudi kwenye mashine ya nne, na matobolwa yakarudi, ila kila akinipa alisema, "Hiki kisu cha Jilala kinakata vizuri," hali akijua kabisa ni nani aliyekitengeneza.

Baadaye niligundua jambo moja langu mwenyewe. Chuma kikifikia joto la kubadilika ndani, sumaku haikishiki tena. Toa sumaku ya spika ya redio iliyokufa, ifunge kwenye waya, gusa chuma kikiwa kwenye moto. Ikikataa kushika, ongeza joto kidogo tu, zamisha. Nilifunga safari kumpelekea Jilala habari hiyo, nikiwa nimevaa shati jipya. Alijaribu, akatikisa kichwa, akasema ni nzuri sana kwa mtu asiye na macho. Gunia ninalo bado, na ninalitumia pamoja na sumaku.

Kabula nilimpa haya yote kwa mdomo kabla hajarudi chuoni, na gunia jipya nikamfungia. Juzi amenitumia ujumbe kwenye simu. Vile vipande vya waya na alumini vilivyokatika kama biskuti walivitazama kwa darubini upande wa mvunjiko, na punje zilikuwa kubwa. Vilichomwa kupita kiasi wakati wa kutengenezwa. Na kwenye tanuri la mkaa la uani, wanapofanyia mazoezi ya chuma, ameangika gunia. Wenzake walimcheka, kisha wakaiona rangi ya chuma. Sasa mwalimu anataka kuandika ubaoni huu ni ujuzi wa nani. "Guku, niandike jina lako?"

Nilikaa na simu mkononi. Jilala hana mjukuu chuoni, hana simu ya namna hii, asingejua kamwe. Niliandika Maduhu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena.

Nilipoandika "Jilala wa Mwandoya" na kutuma, chai yangu ilikuwa imekwisha kupoa.